Sungura mgonjwa na mfuko mdogo: Makerere, kliniki binafsi, daktari wa gombolola au duka la dawa?

Mwenye ng'ombe au mbwa hapa Uganda hana haja ya kueleza kwa nini anataka kumtibu mnyama wake, lakini mwenye sungura wa nyumbani huanza kwa kujieleza, kwa sababu watu wengi wanamjua sungura kama kitoweo, na madaktari wengi wa wanyama wametumia miaka yao shambani kwa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku, au mjini kwa mbwa na paka. Nimekwisha kuulizwa zaidi ya mara moja, tena kwa nia njema kabisa, kwa nini nisimchinje kabla hajakonda. Jibu langu ni kwamba sungura huyu analala chini ya kitanda cha binti yangu Zuhura, anaijua sauti yake, na akiugua yeye nyumba nzima inakosa raha. Kwa hiyo swali ninalolishughulikia hapa ni wapi atibiwe ili apone, na fedha za karo na za chakula zibaki mahali pake.

Naishi Bombo, kwenye barabara kuu iendayo Gulu, mji ambao Kiswahili na Kinubi vinasikika sokoni na katika kambi ya jeshi kila siku. Nimeuguza sungura wawili. Wa kwanza alikufa mikononi mwangu. Wa pili, Pamba, yu hai. Katika kuwauguza nimepita njia nne ambazo mkazi wa Kampala na miji ya jirani anaweza kuzipata: duka la dawa za mifugo, daktari au msaidizi wa mifugo anayekuja nyumbani, kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere, na kliniki binafsi za mjini. Kila njia ina bei yake ya mlangoni, kisha ina gharama nyingine inayokuja baadaye, na hii ya baadaye wengi wetu hatuihesabu mpaka tumekwisha kuilipa.

Tazama saa kabla ya kutazama bei

Sungura huwindwa na wanyama wengi, na kwa sababu hiyo ameumbwa kuficha maumivu. Mbwa atalia, mbuzi atalala kando ya wenzake, lakini sungura hujikunja kimya pembeni, na mtu asiyemzoea atasema amepumzika. Utumbo wake hautakiwi kusimama: nyasi zinaingia na punje za kinyesi zinatoka mchana na usiku, na kile kinyesi laini anakila tena mwenyewe ili apate virutubisho vilivyobaki. Akikaa muda wa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi, hiyo ni dharura ya kweli. Hawezi kutapika, hewa hujaa tumboni, maumivu humfanya akatae chakula zaidi, na ini huanza kudhurika kwa njaa ambayo mnyama mwingine angeivumilia siku mbili bila shida.

Dalili nyingine zisizongoja kesho ni tumbo lililokaza kama ngoma, kupumua kwa mdomo wazi (sungura mzima hupumua kwa pua), funza katika kidonda au sehemu ya nyuma iliyochafuka, miguu ya nyuma iliyolegea ghafla, na kuhara maji kwa sungura mdogo. Kipimajoto cha kawaida cha binadamu kinasaidia: sungura mzima huwa na joto la nyuzi 38.5 hadi 40, na mgonjwa aliyeshuka chini ya 38, masikio yakiwa baridi, yuko hatarini kuliko hata mwenye homa. Masikio yenye magamba, kucha ndefu na meno yanayoanza kupinda yanaweza kungoja siku chache, na siku hizo chache ndizo zinazokupa nafasi ya kuulizia bei.

Nimeanza na saa kwa sababu njia iliyo nafuu kwa masikio inaweza kuwa ghali mno kwa tumbo, na watu wengi hulinganisha madaktari kwa jumla, kama vile ugonjwa ni mmoja.

Duka la dawa za mifugo

Hapa ndipo wengi wetu tunapoanzia, nami sina haki ya kumlaumu yeyote. Duka liko karibu, halitozi ada ya kumwona daktari, na hufunguliwa hata Jumapili. Kampala kuna safu nzima ya maduka hayo eneo la Container Village, karibu na Nakivubo, na katika kila mji mdogo kuna angalau moja lenye picha ya ng'ombe mlangoni. Duka halali lina leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, nayo hubandikwa ukutani. Ukiingia, itafute kwa macho kabla ya kuuliza dawa.

Sungura wangu wa kwanza alikuwa na makamasi na chafya. Katika duka moja ambalo sitalitaja, kijana wa kaunta alinisikiliza kwa upole, akauliza umri wake, akaniuzia unga wa amoksilini wa kuku, wa kuchanganya katika maji ya kunywa. Nilimshukuru. Siku ya tatu kinyesi kilikuwa maji matupu yenye harufu kali, na siku ya nne, alfajiri, alikufa akiwa amefungwa katika kanga yangu. Baadaye nikaelezwa kilichotokea. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kumeza, klindamaisini na linkomaisini huua bakteria wema wanaomsagia sungura nyasi tumboni; nafasi yao huchukuliwa na bakteria wa jamii ya Clostridium, ambao hutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayoua. Dawa hizo hizo kuku huzinywa bila shida, na binadamu pia. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha kuhusu sungura, nami sikujua la kuuliza. Bei niliyolipa siku ile ilikuwa ndogo kuliko zote nilizowahi kulipa kwa dawa ya mnyama, na ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Hatari ya pili ya duka ni kipimo. Chukua ivermektini, dawa nzuri na salama kwa utitiri wa masikio na upele wa ngozi wa sungura ikitumiwa sawasawa. Chupa nyingi za sindano zina miligramu 10 katika kila mililita, na maelezo yaliyoandikwa kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Kwa hesabu hiyo hiyo sungura wa kilo 2 anahitaji mililita 0.04. Bomba la sindano la mililita 5 halina mstari wa kupimia kiasi hicho; ukivuta "kidogo tu" kwa macho unaweza kuwa umempa mara kumi. Kinachofaa ni bomba la insulini la mililita 1 lenye alama 100, ambapo mililita 0.04 ni alama 4. Madaktari wengi huwapa sungura hadi mara mbili ya kipimo cha ng'ombe, yaani alama 8 kwa sungura huyo, na hurudia baada ya wiki mbili hivi kwa sababu mayai ya utitiri hayafi mara ya kwanza. Lakini uamuzi huo ni wa daktari, si wa kaunta.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo jingine kuhusu gharama. Chupa ya mililita 10, kwa dozi ya alama 4, ina dozi 250 za sungura wa kilo 2. Unanunua chupa nzima, unatumia matone, na iliyobaki inazeeka juu ya kabati. Daktari mwenye chupa iliyokwisha funguliwa katika mkoba wake anaweza kukutoza dozi moja, hivyo yule uliyemwogopa kwa ada yake huenda akawa nafuu kuliko duka.

Dukani pia hutolewa ushauri wa kunyunyiza dawa ya viroboto ya mbwa. Ikiwa ina fipronili, ikatae, kwa maana ni sumu kwa sungura. Usinunue pia chakula cha kuku kama mbadala wa chakula cha sungura: baadhi ya vyakula hivyo huwekwa dawa za kuzuia koksidia (vijidudu vya tumboni vinavyoharisha), kama narasini, zinazomlinda kuku na kumuua sungura. Kwa hayo yote, duka nalitumia hadi leo, lakini naingia na karatasi ya daktari mkononi, iliyoandikwa jina la dawa na nguvu yake, na sitoki na kitu kingine.

Daktari wa gombolola na msaidizi wa mifugo

Kila wilaya ina daktari wa mifugo wa serikali, na chini yake wako maafisa wa gombolola, yaani sehemu ndogo ya wilaya, na wasaidizi wa mifugo, ambao wengine wamesomea diploma katika vyuo kama Bukalasa, huku kwetu Luweero, karibu na Wobulenzi. Mwajiriwa wa serikali analipwa mshahara, lakini anapokuja kwako utaombwa mafuta ya pikipiki na bei ya dawa, na nadhani ni haki, kwa sababu mkoba anaoubeba mara nyingi ameujaza kwa fedha zake. Wengine hufanya kazi kwa kujitegemea kabisa. Daktari kamili huwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama ya Uganda, na kuuliza kama amesajiliwa si utovu wa adabu.

Faida yake kubwa ni kwamba sungura haondoki nyumbani. Safari ya teksi saa sita mchana, katika joto na honi, inaweza kumwongezea mgonjwa hofu inayousimamisha utumbo wake kabisa, na joto la zaidi ya nyuzi 30 ni mzigo kwa mnyama asiyeweza kutokwa jasho. Faida nyingine ni kugawana gharama. Sisi majirani tumezoea kupigiana simu: fulani ana mbuzi wa kupewa dawa ya minyoo, fulani kuku wake wanakohoa, mimi nina sungura mwenye sikio, basi daktari anakuja mara moja na mafuta ya pikipiki tunachangia watu watatu au wanne. Kwa ugonjwa usio wa haraka sijaona njia iliyo nafuu kuliko hii.

Upungufu wake ni kwamba mkobani hamna hadubini, hamna kifaa cha kutazamia magego, hamna mashine ya nusukaputi, na mara nyingi hamna uzoefu wa sungura. Daktari wa aina hii anaweza kufanya kosa lile lile la duka, ila kwa kutumia sindano. Kwa hiyo kabla hajafungua chupa yoyote, muulize jina la dawa, na kama si ivermektini au kitu unachokijua, mwombe akueleze kama amewahi kumpa sungura.

Kliniki ya Makerere

Chuo cha tiba ya wanyama cha Makerere, ambacho watu wanakiita COVAB, kina kliniki ya wanyama wadogo ndani ya kampasi kuu, na kwa mtu wa Bombo njia yake ni rahisi ajabu: teksi inashuka Barabara ya Bombo kupitia Kawempe na Bwaise, unatelemka Wandegeya, na kutoka hapo ni bodaboda fupi. Ni kliniki ya kufundishia. Shahada ya tiba ya wanyama huchukua miaka 5, na wanafunzi waliokaribia kumaliza hujifunza kwa wagonjwa halisi, mwalimu wao akisimamia.

Watu wengine wanalikwepa jambo hilo, wakisema hawataki mnyama wao afanywe somo. Mimi nalitafuta. Daktari mwenye foleni ya mbwa kumi atamtazama sungura dakika tano. Mwanafunzi anayepaswa kueleza kila alichokiona mbele ya mwalimu hawezi kuruka kitu. Pamba alipoanza kuangusha nyasi mdomoni na kulowa mate kidevuni, meno yake ya mbele yalikuwa mazuri kabisa, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ni koo. Binti aliyempokea, mwenye koti jeupe lililomzidi ukubwa, alimfunga Pamba katika taulo mpaka akabaki kichwa tu, akachukua kile kifaa chenye taa cha kutazamia masikio, akakiingiza taratibu pembeni mwa mdomo. Alinyamaza kwa muda. Kisha akamwita mwalimu, mwalimu akanama akatazama, naye akaniita mimi. Ndani kabisa, gego la chini lilikuwa limeota ncha kama mwiba, na ulimi ulikuwa na mchubuko mwekundu mahali ilipokuwa ikigusa. Nisingeliona jambo hilo nyumbani hata kwa mwezi mzima.

Jambo la pili linaloipa kliniki hii uzito katika hesabu yangu ni kwamba maabara iko chuoni hapo hapo. Kupimwa kinyesi kwa hadubini ni kati ya vipimo vyenye gharama ndogo katika tiba ya wanyama, na kunaweza kukuokoa na dawa tatu za kubahatisha.

Unalipia kwa muda. Kliniki ya kufundishia huenda polepole popote ilipo, na mgonjwa hushikwa na mikono mingi. Kwa sungura mwoga hilo si dogo. Tena ni taasisi ya chuo, yenye ratiba ya chuo, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama siku hiyo yupo anayepokea sungura, hasa wakati wa likizo na mwisho wa wiki. Toka nyumbani alfajiri kabla ya jua, mtie katika boksi la karatasi ngumu lililotobolewa matundu, na umwekee nyasi za banda lake mwenyewe ili asafiri na harufu anayoijua.

Kliniki binafsi za mjini

Katika mitaa kama Kololo, Bugolobi, Ntinda na Muyenga kuna kliniki za wanyama wa nyumbani ambazo vifaa vyake vinawashangaza wanaoziingia mara ya kwanza. Ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na daktari usiku au Jumapili, nusukaputi ya gesi, ambayo kwa sungura hudhibitika vizuri kuliko sindano peke yake, na mahali pa kumlaza mgonjwa akiwa na dripu. Ndizo pia zenye bei ya juu, na ugeni wa sungura haupunguzi bei hiyo hata senti moja.

Kosa tulilo nalo wengi ni kuona aibu. Tunaogopa kuuliza bei mbele ya watu wenye magari, tunasema "fanyeni tu", kisha tunatoka tumekopa. Mwambie daktari kiasi ulicho nacho kabla hajaanza, kwa sauti ya kawaida, na umwombe akupangie kwa hatua: kipi lazima kifanyike leo, kipi kingoje kesho tukiona maendeleo, na kipi kinaweza kufanyika nyumbani. Mara nyingi hatua ya kwanza kwa sungura asiyekula ni dawa ya maumivu, maji chini ya ngozi na chakula cha kulishwa kwa bomba. Picha na vipimo vikubwa vinaweza kufuata. Uliza pia kama utaandikiwa dawa ukanunue mwenyewe. Sijawahi kufukuzwa kwa maswali hayo, na mara mbili gharama imeshuka mbele ya macho yangu.

Wengine watakutajia chama cha kutetea wanyama cha USPCA, chenye makao ya wanyama jijini. Kinafanya kazi ninayoiheshimu, ila kinajulikana zaidi kwa mbwa na paka, kwa hiyo kitegemee kwa kuelekezwa penye daktari kabla ya kukitegemea kwa tiba yenyewe. Wafugaji wakubwa wa sungura wa Wakiso na Mukono nao wanajua mengi kuhusu chakula, banda na kuhara kwa vitoto, na wengi hutoa ushauri bure kwa simu. Kumbuka tu kwamba hesabu yao ni tofauti na yako: kwa mwenye sungura mia, mmoja anayeumwa huondolewa ili tisini na tisa wapone, na hatakosea akikuambia hivyo.

Ugonjwa kwa ugonjwa

Kwa utitiri wa masikio, ambapo ndani ya sikio hujaa magamba ya kahawia kama makombo ya mkate ulioungua, nachagua daktari wa kuja nyumbani bila kusita. Ugonjwa unaonekana kwa macho, dawa ni moja, dozi ni matone, na Makerere au kliniki ya Kololo haitaongeza kitu isipokuwa nauli. Usiyabandue magamba yale. Chini yake kuna ngozi mbichi, na dawa ikifanya kazi yataanguka yenyewe.

Kwa kuhara, hasa kwa sungura wa umri wa mwezi mmoja hadi minne, nachagua maabara. Koksidia ndiyo inayoshukiwa kwanza, na ina dawa zake, kama toltrazurili na zile za salfa, lakini kuhara kwa sungura kuna sababu nyingine nyingi, kuanzia pumba za mahindi zilizozidi hadi majani yaliyolowa na kuchacha. Hapa kuna njia ya kubana gharama ambayo ningependa ningeijua mapema: kinyesi kinaweza kusafiri badala ya sungura. Kiweke kikiwa kibichi katika kichupa safi chenye kifuniko, kifike siku hiyo hiyo, baada ya kupiga simu kuuliza kama wanapokea sampuli peke yake. Nauli ya mtu mmoja, kipimo kimoja, kisha jibu linapelekwa kwa daktari wako wa karibu ambaye sasa anatibu ugonjwa unaojulikana. Ila sungura aliyelegea na kukaukiwa maji asingojee jibu la maabara. Huyo apelekwe mzima mzima.

Kwa sungura asiyekula kabisa, silinganishi bei. Nachagua aliye karibu zaidi anayewajua sungura, na kama ni usiku, hiyo ni kliniki binafsi. Ninapojiandaa kuondoka, nikiona tumbo ni laini na anaweza kumeza, naloweka tembe za chakula chake katika maji ya uvuguvugu mpaka ziwe uji, nampa kidogo kidogo kwa bomba lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo. Tumbo likiwa limekaza, simpi kitu, kwa sababu huenda njia imeziba na chakula kitazidisha hewa na maumivu.

Meno yanahitaji hesabu ndefu zaidi. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 kwa wiki, na kama hayakutani sawasawa hayasagiki. Watakuja watu, hata wenye elimu, watakaotaka kuyakata kwa kikatio cha kucha. Usikubali, kwa sababu jino hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi, na jipu la taya la sungura ni miongoni mwa matibabu magumu na ya gharama kubwa kabisa. Yasagwe kwa mashine ndogo ya meno. Ikiwa yanahitaji kusagwa kila wiki sita, hiyo ni safari nane au tisa kwa mwaka, kila mwaka. Zidisha ada na nauli kwa idadi hiyo, kisha ulinganishe na gharama ya kung'olewa meno ya mbele mara moja chini ya nusukaputi. Sungura hula vizuri bila meno hayo akikatiwa chakula vipande. Kwetu, magego ya Pamba husagwa Makerere, na kwa kuwa tumeongeza nyasi ngumu na kupunguza tembe, vipindi vimerefuka.

Maswali ya simu

Kabla ya kulipa nauli kwenda popote, napiga simu na kuuliza maswali mawili. La kwanza: "Daktari, akihitaji upasuaji, nimnyime chakula tangu usiku?" Anayewajua sungura atasema hapana, ale mpaka karibu na saa yenyewe, kwa kuwa hawezi kutapika na kufunga kunamdhuru. Akijibu ndiyo, anamfikiria mbwa. La pili: "Naweza kumpa amoksilini ya kumeza?" Jibu la hilo mnalijua sasa. Huwa nina pia uzito wake tayari, ambao naupata kwa mizani ya muuza samaki wa jirani kila mwanzo wa mwezi, na idadi ya punje za kinyesi alizotoa tangu asubuhi, kwa sababu daktari mzuri atauliza yote mawili.

Mwaka jana, jioni ya siku ya soko, Pamba alivimba tumbo. Nilimpigia msaidizi wa mifugo wetu, aliyekwisha kumtibu masikio mara mbili, akafika na pikipiki yake kabla ya magharibi. Alipiga magoti sakafuni, akaweka kiganja chini ya mbavu za Pamba, akasikiliza pande zote mbili kwa kipimasauti chake cha mbuzi, akasikiliza tena. Kisha akafunga mkoba bila kutoa chupa hata moja. "Mama Zuhura," akaniambia, "mbuzi nawajua, ng'ombe nawajua. Tumbo la huyu silielewi, na nikimdunga nitakuwa nabahatisha. Hela zako zishike, panda teksi sasa hivi, mimi nawapigia simu wajue unakuja." Tulifika Kampala saa tatu usiku, Zuhura akiwa amelikumbatia boksi njia nzima, na daktari alikuwa amesimama mlangoni akitungoja. Namba ya yule msaidizi ndiyo ya kwanza katika simu yangu hadi leo.